Wawili Waliopeana Mgongo

Alhamisi, Owino, belo lilipasuliwa
nami nilikuwa mbele, viwiko nje.
Nikatoka na jezi kumi na nne za buluu iliyochoka,
zote Kapa, za Italia, zote za timu moja
ambayo sitaijua wala haitanijua.
Ndani ya kola moja mtu ameandika kwa wino: Ivano.
Ivano, kama u hai, jezi yako inalala Bombo,
inanukia sabuni ya mche na mkaa wa pasi.

Vijana walizipokea wakicheka.
"Mama Zamzam, umetuvalisha kapa,
na Jumapili tutatoka kapa!"
Maana kwa Kiswahili jina hilo ni mikono mitupu,
ni mcheza karata anayeinuka mkekani bila pointi hata moja.
Sijui kama kule Torino wana habari.
Tulitoka kapa kweli. Wobulenzi nne, sisi yai.
Mlinda mlango, Fadhulmula, alisema jezi ilimbana kwapani.

Mimi macho yangu hayakuwa kwenye mabao.
Yalikuwa begani,
kwenye utepe ule unaoteremka mkono mzima:
watu wawili, watu wawili, watu wawili,
wamekaa chini, magoti juu, mgongo kwa mgongo,
mwanamume na mwanamke, vivuli tu, hawana nyuso.
Nimeshona miaka thelathini na mmoja,
nimebandika simba, tai, mwenge wa shule,
korongo wetu na shungi lake;
sijapata kuona nembo ya michezo iliyokaa kitako.
Nyingine zote zinakimbia, zinaruka, zinararua.
Hawa wamepumzika.

Au wamenuniana?
Mwanangu anasema wamegombana, kila mmoja kampa mwenzake kisogo.
Mimi nasema tazama uti wa mgongo:
ukimwondoa mmoja, wa pili ataanguka chali.

Basi jezi namba sita, kifuani,
mwanamume amebanduka. Labda mashine za kufulia za huko kwao,
labda safari. Limebaki doa la gundi.
Mwanamke yupo, ameegemea hewa.
Hakuanguka.

Namjua huyu.
Mwaka wa sabini na tisa baba alivuka kwenda Sudan
na redio, blanketi, na buti zisizofanana,
akasema Ijumaa.
Hakusema Ijumaa ipi.
Mama akawa anatandika mkeka katikati ya ua, mbali na ukuta,
anasuka tabaga zake, ukindu mwekundu, ukindu wa kijani,
mgongo umelala nyuma kidogo
kama wa mtu aliyepata pa kuegemea.
Sisi watoto tulipita nyuma yake kwa kuzunguka,
tusije tukamkanyaga mtu.

Usiku umeme ulikatika. Nikawasha taa ya sola,
nikamshona yule wa pili kwa mkono.
Nilianza na uzi mweupe, ukaisha kiunoni,
nikamalizia na mwekundu.
Hakufanana na wa Waitaliano:
kichwa kikubwa, goti limevimba,
na mguuni, wenye nembo wanisamehe,
buti.

"Mama, huyu wangu mwanajeshi?" akauliza Ratib.
"Vaa ucheze," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata, mapumziko, bado hakuna bao.
Uwanja wetu hauna benchi wala ukuta,
jua limesimama utosini.
Vijana walitupana chini popote walipofika,
na kwa kuwa mgongo uliochoka hutafuta mgongo,
wakaegemeana wawiliwawili,
jerikeni la maji linapita juu ya mabega.
Nikahesabu. Kumi na mmoja.
Hesabu ya mpira haigawanyiki.
Fadhulmula alibaki peke yake karibu na nguzo,
amekumbatia magoti, kwapa limefumuka.

Nikavua viatu.
Nikatandika khanga kwenye nyasi,
nikaenda nikampa mgongo.